Noeli ya Mkono Mmoja na Kiti Kimoja

Aliyechoka akae. Hadithi hii ni ya watu waliochoka, haitamshangaa mtu akipiga miayo.

Katika shule moja ya bweni kule Tukuyu, ambako mvua ikikatika watu huulizana kuna nini, walikuwapo wanafunzi watatu. Tusekile alikuwa na vidole: akikalia piano ya shule, wapishi walisahau maharage jikoni. Ikupa alikuwa na sikio: katikati ya kwaya nzima, alikutajia nani kakosea, na kakosea nota ipi. Lugano alikuwa na mikono ya fundi: redio iliyokufa aliifufua, ingawa nyingine zilifufuka na stesheni moja tu.

Wote watatu kwao ni Kyela, chini huko kwenye joto. Na wote watatu, baada ya muhula wa ubaridi na uji, walitaka kitu kimoja: kula Krismasi nyumbani.

Mwaka huo sherehe ya Noeli ya shule ilipangiwa mgeni rasmi kutoka wilayani. Ratiba ikachapwa. Namba saba ilisomeka: "Wimbo wa Noeli kwa piano, mwanafunzi Tusekile." Wiki mbili kabla, Tusekile akateleza kwenye ngazi za bafu, akavunjika mkono wa kushoto, akafungwa hogo la plasta kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Ikupa akaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Mwakajumba, kuomba namba saba ifutwe.

"Haifutiki," alisema mkuu. "Ratiba imeshagongwa muhuri."

"Lakini mwalimu, mkono umevunjika."

"Mkono umevunjika, muhuri haujavunjika. Na mwongozo haukatazi kupiga kwa mkono mmoja. Nimeusoma wote, pamoja na viambatisho."

Basi kazi ikaanza.

Tusekile alikuwa ameandikiwa na muuguzi ruhusa ya ugonjwa, aende nyumbani siku ileile. Sanduku lilishafungwa. Akaitazama ruhusa, akaitazama piano, akairudisha ruhusa ofisini, ambako walimsainisha kwamba ameirudisha kwa hiari yake na hatapewa nyingine. Kila siku baada ya vipindi alikaa kufundisha mkono mmoja kazi ya miwili, mpaka bega likawaka kama limepakwa pilipili.

Ikupa aliuchukua wimbo wenyewe. Ulikuwa wa sauti nne na vidole kumi. Yeye alikuwa na vidole vitano vya mwenzake. Ukifuta nusu tu, unabaki na mifupa. Akauandika upya kwa do-re-mi: gumba ligonge besi, halafu mkono uruke juu upesi ukaimbe. Akaandika, akafuta, mara kumi na moja. Ili apate muda, aliwaomba wenzake wamshikie zamu zake za jikoni, naye akaahidi kushika zamu zao zote siku za sikukuu, kuwapikia watakaobaki. Yaani Krismasi yake aliifunga kwenye sufuria.

Wakajaribu. Besi ikawa inakufa mara tu gumba linapoondoka.

"Pedali ndiyo inayoshikilia sauti," alisema Lugano, kichwa kikiwa ndani ya piano. "Na waya wa pedali umeliwa na kutu."

Waya haukupatikana dukani wala stoo. Akaung'oa kwenye baiskeli yake, ule wa breki, baiskeli ileile aliyokuwa ashuke nayo Kyela.

"Sasa utashukaje?" Ikupa alimwuliza.

"Kushuka nitashuka, dada. Kusimama ndiko sijui."

Ikafika siku. Hotuba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgeni rasmi alisinzia kwa heshima, kichwa wima, kama mtu aliyesomea. Namba saba ikaja. Gumba likagonga besi, pedali ikaishikilia, mkono ukaruka. Ukumbini ungedhani wamekaa wapigaji wawili. Mgeni rasmi akafumbua macho, na hakuyafumba tena mpaka nota ya mwisho.

"Ninashuka Kyela sasa hivi," alimwambia mkuu. "Garini kuna kiti. Huyo aliyenipa Noeli hii nimfikishe kwao."

"Mheshimiwa, aliyekupa ni watatu."

"Kiti ni kimoja. Vingine vina mafaili."

Na usiniambie mafaili yashuke. Mkuu aliuliza, akajibiwa kwamba yana kibali cha kusafiri.

Basi la mwisho kabla ya sikukuu lilikuwa limeondoka jana yake. Mkuu naye, kama kawaida yake, akaunda kamati. Akawateua wajumbe watatu, haohao, akawapa dakika kumi waamue.

"Bila waya wangu," Lugano alisema, "mngesikia gumba tu, kama mtu anabisha hodi nyumba isiyo na watu."

"Na waya wako ungeshikilia nini bila nota zangu?" Ikupa akamjibu. "Ukimya?"

"Basi kiti kikalieni nyie, waya na karatasi," alisema Tusekile. "Mimi nilikuwa nimekaa pale napunga upepo."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kugombana vizuri. Ruhusa ya Tusekile ilikuwa kabatini imeshafutwa. Sufuria za Ikupa zilikuwa zinamsubiri. Baiskeli ya Lugano ilikuwa imeegemea ukuta, na mbele yake mteremko mtupu hadi Kyela. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kurudi nyumbani, na kila mmoja aliitia ndani ya wimbo ule. Sasa imerudi moja tu.

Kila mmoja alitamani kusema "nenda wewe." Kila mmoja aliogopa kwamba akisema, wenzake watakubali.

Dereva amewasha gari. Mgeni rasmi ameanza kusinzia tena. Apande aliyepiga, aliyeandika, au aliyeshikilia sauti isife? Nimewauliza wengi, na wengi husema nimechoka, niulize kesho. Lakini gari halilali hapa. Haya, wewe uliye karibu na mlango: ungemfungulia nani?