Nafasi Moja Kwenye Kadi ya Mhando

Tulieni niwape. Wengine husimulia waliyosimuliwa. Mimi nilikuwepo, shavu langu mwenyewe limevimba, nimekaa kwenye benchi la kungojea ganzi hospitali ya wilaya. Shule niliishia la sita, lakini kwenye kuona nimehitimu.

Palikuwa na Mbelwa, mfua mabati, ambaye masikio yake humsikia mchwa akitafuna mlango wa jirani. Palikuwa na Nakijwa, fundi cherehani, ambaye macho yake hutunga uzi sindanoni magharibi bila taa. Palikuwa na Shemdoe, muuza viazi, ambaye miguu yake hupandisha baiskeli mlima wa Lushoto bila kushuka. Wote watatu wana meno yaliyooza, yanayotunga usaha kila mara, na hakuna mwenye bima.

Jirani yao Mhando, mtunza stoo wa shamba la mkonge, bima anayo. Ila tangu mkewe afariki, aliweza kumaliza wiki hajaitwa jina lake. Jino lilipovimba hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Siku ya tatu Mbelwa akasikia mguno ukutani, kama wa mbuzi aliyefungiwa. Akavunja kitasa, Nakijwa na Shemdoe nyuma yake.

"Wewe Mhando, hata kufa unafanya siri?"

Mhando akaonyesha kitabu cha bima: meno hailipi. Na laki nne za matibabu hana.

Nakijwa akakisogeza kitabu dirishani, akasoma herufi za mwisho, ndogo kama mayai ya chawa. Jino lenye usaha hulipiwa, hospitali ya wilaya tu, ndani ya siku tatu tangu livimbe.

"Ya tatu ndiyo leo, kaka yangu. Inuka!"

Mvua ilikuwa imekata barabara, magari yamelala. Shemdoe akamwaga viazi chini, akamfunga Mhando kwa mpira kwenye keria, akakanyaga. Alifika dirisha la mapokezi linafungwa, akaingiza kiwiko.

"Mngekuja kesho," daktari akasema, "usaha ungekuwa kwenye damu. Ningepokea maiti."

Mwezi uleule zikaja fomu za bima za mwaka. Nafasi ya mtegemezi kwenye kadi ya Mhando, ile ya marehemu mkewe, ilikuwa wazi: mtu mmoja tu, awe ndugu asiwe ndugu. Mwisho Ijumaa.

"Bila sikio langu mngemkuta ananuka," Mbelwa akasema.

"Ungemsikia ukampeleka wapi," Nakijwa akadakia, "na kitabu unakishika kichwa chini?"

"Someni mpaka kesho," Shemdoe akacheka. "Karatasi haina pedali."

Walikuja Jumatatu, wakaja Jumanne, wakaja tena. Mhando akapanga vikombe vinne mezani, akasikia jina lake likiitwa kila baada ya funda. Kalamu anayo mkononi. Akiandika jina moja, anajua wawili watanuna warudi makwao, na mlango wake utanyamaza kama zamani. Asipoandika, nafasi inafutwa, na wote watatu wanabaki na maumivu yao.

Leo ni Alhamisi. Nyinyi mnaonisikiliza na meno yenu mazima, mshikieni kalamu: aandike nani?

Nami nakiri, jambo moja nimelitunga. Vikombe havikuwa vinne. Nyumba ile ilikuwa na kimoja tu. Walipokezana.