Injinia Tumbili na Maji ya Tope

Paukwa! Mbona huko nyuma hamwitiki? Paukwa! Pakawa.

Hapo zamani za kale wanyama wa bonde moja walijenga tuta la udongo, wakauzuia mto, wakapata bwawa. Aliyewachorea tuta ni Injinia Tumbili. Alikuwa na shahada ya uhandisi, na bonde zima lilikuwa limeiona, maana aliionyesha hata kwa vyura.

Chini ya tuta aliishi Bi Buku, panya mkubwa, na watoto wake watano. Wa juzi tu, macho hayajafunguka. Karibu na mlango wake maji yalivuja kidogo. Tii, tii, tii. Yalikuwa meupe, naye aliyanywa.

Asubuhi moja akainama anywe. Maji yana tope.

Yeye ni mchimbaji, udongo anaujua. Maji yakitoka meupe, yanapita tu. Yakitoka na tope, yanalila tuta kwa ndani.

Awapeleke wapi watoto? Mwinuko uko ng'ambo ya uwanja mtupu, na juu ya uwanja anazunguka Kipanga. Akibaki, watafia majini. Akitoka, watanyakuliwa. Akapanda juu ya tuta kwa Injinia.

"Injinia, maji ya mlangoni kwangu yamechafuka."

Tumbili akatazama kijiti chake cha kupimia. "Yameongezeka?"

"Hayajaongezeka. Yana tope."

"Kuvuja kumo kwenye hesabu, Bi Buku. Kiasi ni kilekile, basi tuta ni zima."

"Shuka uyaone."

"Mama, nimesoma miaka minne. Nishuke kutazama tope?"

Ngiri aliyekuwa akinywa maji bwawani akacheka mpaka akapaliwa. "Panya anamfundisha injinia. Kesho atamfundisha Kiboko kuogelea."

"Umesoma vitabu," Bi Buku akasema. "Maji haya hujayasoma."

Akateremka. Sasa haikuwa tii, tii. Ilikuwa tiririri.

Akambeba mtoto wa kwanza kwa meno, akatoka. Puku, puku, puku. Kivuli kikampita mgongoni. Akalala chini, hapumui. Kivuli kikasogea. Akakimbia. Wa kwanza, mwinukoni. Wa pili, mwinukoni. Wa tatu. Wa nne. Na kila safari kivuli kilikuwa kikubwa zaidi.

Alipogeuka kumfuata wa tano, ardhi ikanguruma. Tuta likabonyea katikati kama mkate uliochovywa kwenye chai. Puuu. Bonde likawa maji.

Bi Buku akawahesabu watoto. Wanne. Akawahesabu tena.

Jioni Tumbili akapanda mwinukoni, amelowa, anatetemeka. Akakaa mbali kidogo.

"Bi Buku," akasema, "lile tope lilianza lini?"

"Hilo lilikuwa swali la asubuhi," Bi Buku akajibu, akaendelea kuwalamba wanne wake.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Shahada inasema mtu amefundishwa. Haisemi kwamba ameelimika. Aliyeelimika huambiwa jambo, akashuka, akatazama.

Hadithi yangu imeishia hapo, na wa tano hakuonekana.