Ghailani Mrina Asali na Kamba ya Haushabi

Wamesimulia waliotutangulia, nasi tumepokea kutoka vinywani mwao, kwamba katika bonde moja la milima ya Yemen aliishi mja mwema akiitwa Ghailani bin Subeihi, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kufuga nyuki. Mizinga aliichonga mwenyewe kwa magogo ya mkunazi, akaipanga juu ya ukingo wa mawe chini ya kijiji. Asali yake wagonjwa waliila kabla ya matajiri, kwa kuwa mgonjwa hakumuuzia, alimpa. Mkewe, Bibi Raita, alikuwa binti wa ami yake, mwanamke mcha Mungu, mwenye maneno machache na makali. Hawakujaaliwa mtoto. Mizinga ile ndiyo iliyokuwa riziki yao na fahari yao.

Ijumaa moja, wanaume wa kijiji wakiwa msikitini na Ghailani akiwa katika safu ya kwanza, mizinga yake ilitiwa moto. Bibi Raita aliuona moshi akiwa jikoni, akateremka mbio peke yake. Alipofika hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndimi za moto tu, na nyuki wakianguka chini huku mbawa zao zikiwaka. Akaushika mzinga uliobaki ili auvute nje ya moto, na nta iliyoyeyuka ikammiminikia viganja vyote viwili. Ghailani alipotoka kwenye swala alimkuta mkewe ameketi katika majivu, mikono ameiinua mbele ya uso wake kama mtu aombaye dua. Wala hakuwa akiomba dua. Hakuweza kuishusha.

Watu wakaja kutoa pole, kama ilivyo ada.

"Subiri, Ghailani," akasema mmoja.

"Mola ana hekima Yake," akasema mwingine. "Huenda pana heri ndani yake."

Ghailani akamgeukia. "Heri gani? Iko wapi? Inama hapa kwenye majivu uniokotee, niishike!" Kisha akapaza sauti hata watoto wakajificha nyuma ya mama zao. "Nilikuwa nyumbani Kwake! Paji la uso wangu lilikuwa chini, namsujudia Yeye, na mke wangu anaungua!"

Watu wakanong'onezana kwamba amekufuru. Hakukufuru. Alikuwa na ghadhabu, na ghadhabu ya aliyeumizwa si kufuru, ingawa miongoni mwetu sisi waalimu wapo wanaopenda kuyachanganya mawili hayo, maana ni njia nyepesi ya kumnyamazisha mtu anayelia.

Tangu siku hiyo Ghailani alisali faradhi zake kwa wakati wake, hakuacha hata moja. Ila akishatoa salamu aliinuka akaenda zake. Hakuinua mikono, hakuomba lolote. Alikuwa kama mtumishi aliyemnunia bwana wake: kazi anaitimiza, neno halitoi. Bibi Raita aliliona hilo. Siku moja, mumewe akimfunga vitambaa mikononi, akamuuliza:

"Umemnunia Mola wako, mwana wa ami?"

"Nimemnunia."

"Mnunie basi, Yeye anakujua. Ila usije ukamwongopea."

Alikuwako jirani yao mmoja, jina lake Haushabi bin Zamili, mwenye shamba la mizabibu juu ya kijiji. Mtu huyu alikuwa na tabia ngumu. Mfereji wa maji ulipita kwake kwanza, naye alikuwa akiuziba apendavyo, mashamba ya wenzake yakakauka. Zaidi ya mara moja aliwahi kugombana na Ghailani akidai kwamba nyuki wanamharibia zabibu. Na siku ya moto hakuonekana msikitini. Hapana aliyemwona akiwasha, lakini kila moyo ulimtaja, na moyo wa Ghailani ulimtaja kuliko yote. Siku moja alipita penye ukuta wa Haushabi, akajikuta ameshika jiwe na hakumbuki ameliokota wapi.

Wazee wa kijiji wakamjia nyumbani, wakiongozwa na mtu aitwaye Dahmani.

"Kadhi anakuja kutoka mjini," akasema Dahmani. "Nawe wajua sheria: shahidi mmoja, pamoja na yamini, kiapo cha mwenye mali, yatosha. Mimi nitashuhudia kwamba nilimwona Haushabi na kijinga cha moto mkononi. Wewe utaapa kwamba ni yeye."

Ghailani akamtazama. "Dahmani, wewe siku ile ulikuwa ubavuni pangu msikitini."

"Kadhi hakuwapo. Atajuaje?"

"Na nyinyi nyote mlikuwapo."

"Sote tulikuwapo," akajibu mzee mmoja, "na sote tutanyamaza. Sikiliza, mwanangu. Ni yeye, na wewe moyoni unajua ni yeye. Utapewa shamba lake. Utaanza maisha upya, mkeo atapata tabibu, na sisi tutapata maji yetu. Ni nani atakayedhulumiwa hapo?"

Tazameni watu hawa! Walitoka msikitini na udhu wao, wakaketi chini, wakausuka uongo kama wasukavyo mkeka, kila mtu na ukindu wake. Na walikuwa ni walewale waliomwambia subiri.

Siku ya hukumu kadhi aliketi uani kwa msikiti. Dahmani akatoa ushahidi wake bila kupepesa jicho. Haushabi alisimama akitazama miguu yake. Kadhi akageuka.

"Ewe Ghailani bin Subeihi, shahidi wako ni mmoja. Je, utaapa?"

Wapokezi wanasema waliokuwa karibu walisikia meno ya Ghailani yakigongana. Hatimaye akasema:

"Ewe kadhi wa Waislamu, wallahi namchukia mtu huyu. Nikimwona nasikia harufu ya mikono ya mke wangu ikiungua. Moyo wangu waniambia ni yeye, waniambia asubuhi na waniambia jioni. Lakini sikumwona. Mke wangu hakumwona. Na huyu Dahmani hakumwona, kwa maana saa ile bega lake lilikuwa limegusana na bega langu, mbele ya Mola wetu."

Kadhi akamkemea Dahmani kwa maneno mazito, akaifuta kesi, akapanda nyumbu wake akarudi mjini.

Msidhani Ghailani alirudi nyumbani akiwa na utulivu wa nafsi. Alirudi anachemka. Akaupiga mlango teke, akamwambia mkewe: "Nimesema kweli. Sasa tazama kweli ilivyonitunza! Yeye yuko kwake anakunywa maji ya mfereji, na mimi sina hata nyuki mmoja."

Na kijiji kikamsusa. Akitoa salamu, hajibiwi. Akienda kisimani, watu wanaondoka na ndoo zao nusu. Walimwona amewaaibisha mbele ya mgeni na kuwanyima maji, na wakasahau kabisa nani alichomewa.

Yakapita majuma. Asubuhi moja alikuwa ameketi kizingitini, akasikia kitu kinabingirika uani. Ni Bibi Raita, analisukuma gogo la mkunazi kwa mguu, kwani mikono ilikuwa bado haishiki. Akalifikisha mbele ya mumewe.

"Chonga," akasema.

"Nichonge nini? Mzinga usio na nyuki ni gogo tu."

"Mwana wa ami, Mola hakukuuliza una nini. Amekubakisha hai, na jua limechomoza. Mimi ningechonga mwenyewe, lakini unaniona. Chonga."

Akachukua tezo, akachonga kwa ghadhabu, vipande vikaruka hata ukutani. Aliona haya, mtu wa umri wake kuanza kama mwanafunzi. Lakini alichonga, na ule mzinga, wanasema, ulikuwa mzuri kuliko yote aliyoichonga katika utulivu.

Wenye nyuki wa vijiji jirani walikwisha kusikia kwamba amesuswa, hapana aliyekubali kumpa bumba la nyuki. Kukabaki jabali. Upande wa kaskazini wa bonde palikuwa na genge refu, na katikati yake, ndani ya ufa, waliishi nyuki wa mwitu. Kuwafikia kulitaka mtu ateremke kwa kamba, na mwingine awe juu, aizungushe kamba kwenye jiwe, ailegeze na kuivuta. Ghailani akagonga milango ya kijiji. Kila mlango ulikuwa na udhuru wake. Na maua yalikuwa yakikaribia kwisha. Yakiisha, bumba litakalohamishwa halitaishi. Basi akabeba kamba yake ya ngozi, kapu lenye mfuniko na chetezo cha moshi, akapanda peke yake, bila kujua atafanyaje.

Alipokuwa ameinama kufunga kamba kiunoni alisikia hatua. Akainuka. Ni Haushabi.

"Nimesikia unatafuta mtu," akasema Haushabi. Kisha, kabla hajajibiwa: "Ghailani, ni mimi. Niliwasha mimi."

Ghailani akapiga hatua moja kumwendea.

"Nilidhani nitachoma mzinga mmoja, nyuki wahame. Upepo ukageuka. Nikamwona mkeo anakuja, nikakimbia. Nilikimbia, Ghailani. Na siku ile mbele ya kadhi ungeweza kunizika, na haki ingekuwa yako, hata kama shahidi ni wa uongo. Hukunizika. Nimejaribu kuishi na hilo, siwezi."

Ghailani akampiga kofi la mdomo hata akaanguka. Wapo wanaosimulia kisa hiki bila kofi hilo, wakidhani wanamheshimu mja mwema. Mimi nimekipokea na kofi lake, nami nakifikisha na kofi lake.

Haushabi akainuka, damu mdomoni, akabaki amesimama palepale. Ghailani akamtazama yeye, akalitazama genge, akayatazama maua ya chini bondeni yaliyokwisha kuanza kunyauka. Mwishowe akamrushia ncha ya kamba.

"Zungusha kwenye lile jiwe. Ushike."

"Utaniamini mimi?"

"Wewe? Hata chembe. Namwamini aliyeiumba hiyo mikono yako. Shika!"

Akateremka. Akaufikia ufa, akafukiza moshi, akawakumba nyuki na mama yao taratibu ndani ya kapu, pamoja na vipande vya masega yao, akafunga mfuniko. Lakini waliosalia nje wakakasirika, wakapanda juu kama wingu. Ghailani akaivuta kamba kuashiria apandishwe. Kamba haikwenda. Akavuta tena. Kimya. Akasikia juu yake mtu akipiga ukelele mmoja, kisha hakusikia tena. Akaning'inia hapo, kapu linanguruma kifuani, na chini ya miguu yake hakuna kitu.

Hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka, kwa mara ya kwanza tangu moto.

"Mola wangu," akasema, "ningali na hasira, wala sikufichi. Mikono ya mke wangu umeiona. Lakini sina mwingine wa kumwita. Huyu aliye juu ni Wako, na mimi ni Wako. Umeniambia nianze, kwa ulimi wa mke wangu, nimeanza. Sasa nishike."

Kamba ikatikisika. Ikapanda kidogo, ikasimama, ikapanda tena. Ghailani akaweka miguu kwenye mwamba, akasaidia. Alipoushika ukingo na kujivuta juu, alimwona Haushabi amekaa chini, visigino amevikaza kwenye jiwe, kamba ameizungusha mikononi hata imeingia nyamani. Uso wake haukuonekana kwa wingi wa nyuki. Walimuuma macho, masikio na midomo, na mkono hata mmoja hakuuinua kuwafukuza, maana angeuinua angeiachia kamba.

Ghailani akawafukizia moshi mpaka wakaondoka. Kisha akapiga magoti, akaanza kumtoa miiba usoni, mmoja mmoja, kwa ukucha.

"Umenisamehe?" akauliza Haushabi, macho yamevimba hayafunguki.

"Tulia. Bado ya shingoni."

Ijumaa iliyofuata Haushabi alisimama baada ya swala, uso ungali umevimba, akakiri mbele ya watu wote, akasema mfereji wa maji hautazibwa tena. Watu wakamzunguka Ghailani, wakiongozwa, nadhani mwakisia, na Dahmani. "Tangaza basi kwamba umemsamehe," wakamwambia, "ili kijiji kipate raha."

Ghailani akavaa viatu vyake. "Siku nitakayomsamehe," akasema, "nitamwambia yeye. Si nyinyi."

Bumba lile lilikaa mzingani. Mwaka uliofuata likazaa jingine, na baada ya hapo ukingo wa mawe ukajaa tena. Vidole vya Bibi Raita havikunyooka maisha yake yote. Haushabi alikuwa akimchotea maji na kumkatia kuni kila asubuhi, anaweka mlangoni, anaondoka. Bibi Raita aliyapokea maji, salamu hakuijibu. Ikaendelea hivyo misimu mingi. Kisha asubuhi moja alimwita kutoka ndani: "Haushabi, mkate umeiva. Ingia ule." Wapokezi hawakuongeza neno juu ya hilo, nami siongezi.

Enyi ndugu zangu, Mola anapomwita mja wake aanze upya, hamwambii kwanza afute machozi yake wala azime hasira yake. Anamtaka asiseme uongo, na anyooshe mkono kwenye kazi iliyo mbele yake. Ghailani alimwendea Mola wake akiwa amekunja uso, na hakufukuzwa. Waliorudishwa mikono mitupu ni wale waliokuja na nyuso laini na ushahidi wa Dahmani. Ewe Mola, tukinuna, tununie mlangoni Pako, tusiondoke. Na utulinde na ndimi za wanaotuhimiza kusubiri huku miguu yao imekanyaga shingo zetu. Amin.