Mbeleko ya Lugano

Siku ya mwisho ambayo nyumba ilikuwa kama siku zote, Lugano alipanga mkoba wa mtoto. Alitia nguo ya kubadili, chupa ya maji, kijiko, kitabu cha picha kilichotafunwa pembe na mwanasesere asiye na mkono mmoja. Akautundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akamwambia mumewe, "Baba Tuse, gesi inakaribia kwisha." Jioni ile kichwa kikaanza kumuuma. Siku ya tatu hakuwepo.

Sasa tegeni sikio, maana mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu.

Lugano aliacha watu watatu waliompenda mtoto wake Tusekile, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Bupe, mdogo wake, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza huko Tukuyu. Aliweza kuwafanya watoto themanini watende jambo moja kwa wakati mmoja, na fimbo hakuwa nayo.

Gwamaka, kaka yao, alikuwa fundi cherehani Mbeya mjini. Mikono yake haikujua kutulia. Ukimpa kipande cha kitambaa au karatasi, hakirudi kama kilivyokuwa.

Ambilikile, mume wa marehemu, alikuwa mpima ardhi Dar es Salaam. Hakujua kuimba wala kuchekesha. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka kila kitu kilipo. Ukimuuliza chumvi, atakwambia rafu ya pili, kushoto, nyuma ya majani ya chai. Lugano alikuwa akimcheka kwa hilo, na hata hivyo alikuwa akimuuliza kila siku.

Ukoo wa kina Lugano ulikuwa na desturi yake. Mama akifariki na kuacha mtoto wa kubebwa, mbeleko yake huwekwa kwa bibi hadi siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo mtoto huletwa, na bibi huuliza swali moja: amelia njiani? Ikiwa amelia, mbeleko hubaki kwa bibi, na mtoto hubaki nayo. Ikiwa hakulia, mbeleko hupewa aliyemtuliza, na mtoto hulala chini ya paa la huyo. Ni mtu mmoja tu, kwa sababu mbeleko haikatwi vipande.

Ambilikile alitaka jambo moja duniani: kurudi Dar es Salaam na mwanawe. Basi la kwenda Tukuyu ni kutwa nzima. Akakata tiketi za ndege hadi Songwe, uwanja wa Mbeya.

"Shemeji umepiga hesabu ya machozi," Gwamaka alimwambia. Alikuwa amekuja kuwachukua. Bupe alikuwa akikaa nao tangu mazishi. "Saa kumi na tatu za basi ni kwikwi ngapi, saa moja na nusu ya ndege ni kwikwi ngapi."

"Nimepiga," Ambilikile alisema, na hakuwa anatania.

Walikaa safu moja, watatu, mtoto akipokewa huku na huku. Walipokwisha kufunga mikanda, Bupe akanyoosha mkono.

"Shemeji, nipe mkoba wa Tuse."

"Si unao wewe?"

"Mimi nimebeba nguo za matanga. Kaka?"

"Mimi nimebeba mtoto," Gwamaka alisema.

Wakatazamana. Mtoto alikuwa na miaka miwili kasoro miezi miwili, na muda wote huo, kila safari, mkoba ule ulikuwa ukiwakuta mlangoni ukiwa tayari. Hakuna kati yao aliyewahi kuupanga, na hakuna aliyewahi kujiuliza unapangwa na nani. Ambilikile aliuona akilini pale ulipo nyumbani, kwenye msumari, mshipi wake umeangukia upande wa kushoto. Mlango wa ndege ukafungwa.

Ndege iliponyanyuka, Tusekile alishika masikio na uso ukaanza kukunjamana. Bupe akamgeuza amtazame.

"Darasa," alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo watoto themanini huinamia mbele ili waisikie. "Simba ana usingizi. Simba anafanyaje?" Akapanua kinywa, akapiga mwayo mrefu hadi machozi yakamtoka. Tusekile akamkodolea macho, naye akapanua kinywa. "Na simba baba?"

Ambilikile, ndani ya suti yake nyeusi, akapiga mwayo. Gwamaka akapiga wa kweli, maana hakulala vizuri.

"Mwalimu, na mimi nimo," mzee mmoja alisema safu ya nyuma, akapiga wake.

Walipopita mawingu, nusu ya abiria wa upande ule walikuwa wakipiga miayo, na masikio ya Tusekile yalikuwa yamezibuka. Mikono ikashuka mapajani. Hakulia.

Dakika ishirini baadaye mtoto alichoka kukaa. Alijinyoosha kama ubao, akapiga teke kiti cha mbele, akatoa ile sauti nyembamba inayotangulia kilio. Simba hakumtaka tena. Gwamaka akachomoa mfuko wa karatasi wa kutapikia, akaukunja mara tatu, akauchana pembeni kwa ukucha, na kuku akatokea, ana upanga wa kichwani na mdomo. Kuku akamdonoa Tusekile kidoleni. Kisha kuku akataka kushonewa gauni. Gwamaka alikuwa na utepe wake wa kupimia shingoni, maana huuvaa hata kanisani. Akampima kuku kifua, akampima Tusekile pua, akampima Ambilikile sikio.

"Baba yako sikio kubwa, na bado hasikii," alimwambia mtoto.

Mama mmoja mwenye kilemba akageuka kutoka kiti kile kilichopigwa teke. "Fundi, na mimi nipime. Ila kiuno usikitaje mbele za watu."

Gwamaka akampima kilemba, akatangaza kwamba kitambaa kile kingetosha kushona mapazia ya bweni zima. Yule mama akacheka, Tusekile akacheka kwa sababu yeye amecheka, na walicheka hivyo hadi rubani alipozungumza.

Rubani alisema Songwe kuna ukungu. Wangezunguka juu hadi upungue. Saa moja na nusu ya Ambilikile ikapita, ikawa saa moja na dakika hamsini, ikawa saa mbili. Aliitazama saa yake kama mtu anayetazama kazi yake mwenyewe iliyoharibika.

Hapo ndipo Tusekile, akiwa amesimama mapajani pa Bupe, alipoona kisogo cha mwanamke safu tatu mbele. Kilikuwa kimesukwa mtindo wa twende kilioni, mistari minne iliyonyooka, kama Lugano alivyosuka kila Jumamosi.

"Mama," alisema.

Mwanamke hakusikia.

"Mama," alisema tena, kwa sauti, akinyoosha mikono.

Mwanamke akageuka. Alikuwa mtu mwingine. Alitabasamu kwa huruma, na tabasamu lile likawa baya kuliko kama angenuna. Mdomo wa chini wa Tusekile ukatokeza, ukaanza kutetemeka. Bupe akapiga mwayo, mtoto hakutazama. Gwamaka akamleta kuku, mtoto akamsukuma.

Ambilikile akamchukua. Hakuwa na mchezo wowote. Akamlaza sikio kifuani, akaanza kusema kwa sauti ile ile anayotumia akisoma vipimo.

"Twende nyumbani. Tunaingia jikoni. Jiko lipo. Sufuria kubwa ipo, chini, kulia. Sufuria ndogo ipo ndani yake. Mwiko?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mwiko upo. Kikombe cha Tuse?"

"Ipo," mtoto alisema.

"Kipo. Beseni?"

"Ipo."

"Lipo. Mbuzi ya kukunia nazi?"

"Ipo." Kisha akainua kichwa, akamtazama baba yake machoni. "Mama?"

Bupe akageukia dirisha. Siku arobaini Ambilikile alikuwa akiambiwa jibu la swali lile na watu, naye alikuwa hajalisema mwenyewe hata mara moja.

"Mama hayupo," alisema.

Mdomo ukatetemeka. Mtoto akawaza. "Baba?"

"Baba yupo."

"Kuku?"

"Yupo huyu hapa," Gwamaka alisema, akamwinua.

Tusekile akamchukua kuku, akamkumbatia, akapiga mwayo mrefu kama wa simba, akalala. Alilala ndege ikishuka, akalala ndani ya gari hadi Tukuyu, akaamka mikononi mwa bibi yake, na hakuwa ametoa chozi.

"Amelia njiani?" Bibi Syabumi aliuliza, mbeleko ikiwa imekunjwa mapajani pake.

"Hakulia, mama," walijibu.

"Kamtuliza nani?"

"Mimi," Bupe alisema. "Angelia mwanzoni, hayo mengine tusingefika kuyasimulia. Na nimemlea siku hizi arobaini. Nikimwita, hugeuka kama ameitwa na dada."

"Mwanzo ni dakika kumi, dada yangu," Gwamaka alisema. "Mimi nilimchukua katikati, ndiko kurefu. Na aliponyamaza mwishoni alikuwa amemkumbatia kuku wa nani? Kwangu kuna watoto wanne. Hatakosa wa kucheka naye."

"Na alilala kwa mwayo wa nani?" Bupe alisema.

Bibi akamgeukia mkwewe. "Na wewe, baba Tuse, mbona kimya?"

Ambilikile alijua angeweza kusema kwamba mwishoni wao walishindwa, akaweza yeye. Hakusema hilo.

"Mama, hesabu yangu ilikosea kwa nusu saa. Hawa walimchekesha. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake hayupo. Nilikaribia kumliza."

"Lakini hakulia."

"Hakulia."

"Na ukimrudisha huko Dar, atakuwa na nani mchana, wewe ukiwa maporini na vipimo vyako?"

"Bado sijui, mama," alisema. "Ninachojua ni kwamba nyumba ile anaijua."

Bibi Syabumi akawatazama wanawe wawili, akamtazama mkwewe. "Nitaliwaza jambo hili usiku," alisema. "Kesho baada ya uji nitaifunga mbeleko hii mgongoni mwa mmoja wenu."

Asubuhi yake Ambilikile aliamka kabla ya wote. Alichemsha maji, akamwogesha Tusekile, akampaka mafuta, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko hadi bakuli likaisha. Kisha akambeba hadi kwa bibi yake, akamweka mapajani pake, akarudi nyuma, akakaa kwenye mkeka kati ya Bupe na Gwamaka, akasubiri kama wao.

Bibi akasimama, akaikunjua mbeleko.

Mimi naishia hapa, wenzangu. Mmoja alilizuia chozi la kwanza, mmoja la katikati, mmoja la mwisho, na lolote kati ya hayo lingedondoka, mtoto angebaki kwa bibi. Wewe uliyesikiliza, mbeleko ya Lugano ingekuwa mikononi mwako, ungeifunga kwenye mgongo wa nani?