Fundi Aliyesema Amefunga

Ndugu zangu, sogeeni, walio juani waje kivulini, niwape mfano wa fundi mmoja.

Huyu alikuwa mshona kanzu, mtu wa watu, shughuli hazimpiti. Kiharusi kikampiga. Ulimi ukarudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Dada wa mazoezi hospitalini akamwambia, "Baba, mkono huu haujafa, umesahau kazi. Kula nao kila siku. Utamwaga; mwaga, okota, endelea. Ukiupumzisha, vidole vitakakamaa."

Akaitikia vizuri. Siku ya hitima akakaa na wenzake kwenye sinia la pilau, akachota tonge. Halikufika kinywani, likamwangukia jirani yake mapajani. Hakuna aliyecheka, wallahi. Lakini fundi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Na kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, mnajua wenyewe. Alipoalikwa tena, akatia mkono mfukoni mwa kanzu akasema, "Samahanini jamani, mimi nimefunga."

Mmesikia? Uongo wa ibada una utamu wake, maana hakuna anayeuhoji! Kila akialikwa, amefunga. Nyumbani, mlango ukishakomewa, mkewe anamlisha kwa kijiko.

"Mume wangu, si yule dada alisema ule mwenyewe?"

"Nyamaza, watu watasikia."

Mtaa ukaanza kumsifu: huyu si mtu wa kawaida, huyu ni walii. Kila sifa ilimchoma. Aliona haya kuendelea, akaona haya zaidi kuacha.

Siku moja akaja mkulima kutoka ng'ambo ya mto, naye kiharusi kimemwachia mkono unaning'inia. "Shehe, niombee. Dua ya aliyefunga hairudi." Fundi, uji haujamshuka tumboni, akamwombea. Angefanyaje?

Mkulima akarudi kwake. Yeye alikula barazani, wali unamwagika, kuku wanaokota, wapita njia wanamsalimu. Miezi minane hivyo hivyo. Ijumaa moja watu wanatoka msikitini, huyo hapo mlangoni, mkono mbele. "Shehe, Mungu amepokea! Nipe mkono!"

Watu wote wanatazama. Wa kushoto hautolewi. Basi fundi akauvuta ule wa kulia kutoka mfukoni kwa kuushika kwa ule wa kushoto, vidole vimejikunja havikunjuki. Mkulima akautazama. Akaupokea kwa mikono yake miwili, akasema taratibu, "Kumbe na wewe? Mbona hukuniambia siku ile, tukala pamoja?"

Fundi alilia pale pale mlangoni. Je, wewe ungemjibu nini?

Maana sisi ndio hao. Ni wangapi humu tumekivisha kilema chetu nguo ya ibada? Swala ndefu, kumbe na ndugu wa tumbo moja hatusemeshani mwaka wa tatu. Tunamficha nani? Mola anajua. Tunawaficha wale wale ambao wangetushika mkono. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi aliumbuliwa angali hai, na hiyo ni rehema.

Na msinitazame hivyo. Mimi ninayewasomea nina langu, na nimelificha miaka mingi chini ya kilemba hiki. Leo kabla hujafika kwako, mtafute mtu mmoja tu umwambie lako. Ukimkosa, mimi nitakuwa pale kwenye birika la udhu. Njoo. Tutaanza na langu.