Kilima Kisicho na Jina Kule Kwemvumo

Hapo zamani, lakini zamani ya juzi tu, kompyuta zikiwa zimekwisha kuingia maofisini, aliishi Korogwe mpima ardhi mmoja, Mzee Singano. Mchana alipima viwanja vya watu. Jioni, wali ukiwa mezani, aliwapimia wanawe nchi isiyokuwepo. Aliiita Kwemvumo, na mto wake ulitoka sokoni ukapanda mlimani. Watoto walicheka, wakala, wakalala.

Watoto wakakua. Mzee akastaafu, akazeeka, akaanza kusahau. Akasahau siku, akasahau majina, akawasahau wanawe. Kitu kimoja hakukisahau. Kila alasiri alivaa viatu, akasema, "Haya jamani, mimi narudi kwetu Kwemvumo," akashika njia.

Aliyemfuata nyuma ni Zamoyoni, mke wa mwanawe. Kumshika baba mkwe mkono na kumvuta hakuweza, heshima ilimkataza. Basi alimfuata na mwavuli mpaka mzee achoke mwenyewe. Siku moja aligeuka kufunga geti, na alipotazama mbele mzee yuko katikati ya barabara kuu, malori yanampigia honi huku na huku. Jioni ile familia ikakaa.

"Tumfungie chumbani," akasema Mhina, mume wa Zamoyoni. "Bora alie kuliko tumzike."

Zamoyoni moyo ulimuuma. Aliyejibu ni Mwantumu, binti mkubwa wa mzee. "Kama anataka Kwemvumo, tumpe Kwemvumo."

Mhina alikuwa mchora ramani, na programu ya kuchorea alikuwa nayo. Mwantumu akataja, Mhina akachora. Soko, akachora. Msitu wa mikaratusi, akachora. Daraja la mbuzi, akachora. Walipofika kwenye mto, programu ikagoma. Kila walipouanzisha sokoni, maji yalituama palepale sokoni.

"Tuugeuze utoke mlimani," akasema Mhina. "Maji hayapandi."

"Ya Baba yanapanda," akasema Mwantumu.

Wakanuniana. Mhina akaugeuza kwa ubishi wake, akachapa ramani, akampelekea baba. Mzee akaitazama kidogo, akaisukuma. "Mto wa watu mmeugeuza. Hapa si kwetu." Akavaa viatu.

Basi Mhina akatenda dhambi ya wachora ramani. Akaghushi vimo vya ardhi. Kimyakimya akaiambia programu kwamba soko liko juu na mlima uko chini, na mto ukakubali kupanda.

Ramani ya pili mzee aliifuata kwa kidole. Akapita soko, akapita daraja, kisha kidole kikaanza kuzungukazunguka. "Nyumba yangu iko wapi?"

Hiyo hata Mwantumu hakuijua. Baba hakuwahi kuwasimulia nyumba, nao hawakuwahi kuuliza.

"Iko hapa, Baba," akasema Zamoyoni, akaonyesha mahali patupu nyuma ya soko. "Ya bati jekundu, ina baraza, na mpapai mlangoni."

Hakuambiwa na mtu. Aliitunga palepale, kwa kuwa mzee alikwisha kutia mguu mmoja kiatuni.

"Mpapai," akasema mzee. "Bado unazaa?"

"Unazaa, Baba."

Mzee akavua kiatu. Mhina akaichora nyumba siku ileile, ramani ikatundikwa ukutani, na mzee hakushika njia tena. Kila asubuhi aliisoma kwa sauti, jina baada ya jina. Majina yaliyokuwa pale ndiyo pekee aliyoyajua duniani.

Asubuhi moja akawaita wote watatu. Akaonyesha kilima kilicho juu ya nyumba, hakijaandikwa kitu. "Kipeni jina la aliyenirudisha nyumbani. Nataka nimjue. Na liwe moja, sisi wapima hatuandiki majina mawili juu ya kilima kimoja."

"Ni langu," akasema Mwantumu. "Wewe Mhina ulikula wali ukasahau, mimi niliihifadhi nchi nzima. Bila mimi mngechora nini? Na mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Jina langu limemtoka, acheni alisome."

"Maneno yako yangebaki maneno," akasema Mhina. "Mimi nilighushi vimo, jambo ambalo likijulikana ofisini sina pa kuficha uso. Na mimi ananiita 'bwana', dada. Baba yangu ananiita 'bwana'."

Zamoyoni alikuwa mkwe tu. Alikitaka kilima kile, na alijionea aibu kukitaka. Mwishowe akasema, "Nchi mlimpa nyinyi, lakini alikuwa bado anavaa viatu. Iliyomvua viatu ni nyumba, na nyumba ni yangu. Nimemdanganya, najua. Lakini alasiri zote zile, nyuma yake nilikuwa mimi."

Mzee alikuwa ameshika kalamu, akiwatazama wote watatu kwa upole, jinsi mtu anavyowatazama wageni. "Haya," akasema, "niandike nani?"

Nami swali nawageuzia nyinyi mlionisikiliza: nani alimrudisha mzee nyumbani, na ni jina la nani alisome kila asubuhi?