Firigisi ya Mzee Kiangi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, huko milimani Upare aliishi Mzee Kiangi, mtu wa watu na mpenda nyama. Kuku akichinjwa kwake, firigisi ni yake. Ndiyo desturi: firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na haigawanywi.

Basi figo zake zikachoka. Daktari akamwambia zimebaki kidogo mno, apunguze nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage. Kwa siku nzima ale kipande cha nyama kisichozidi kiberiti. Akizidisha, atazimaliza upesi.

Mkewe, Nakijwa, akaweka kiberiti kitupu kando ya jiko. Kila siku akapima, akakata, akapakua. Mzee akanuna. Akamwita mchoyo mbele ya wakwe, na mama wa watu akameza. Miaka miwili alipima.

Mwanawe Mbonea aliona jinsi baba anavyotazama sahani za wenzake. Tangu hapo naye akala kipande cha kiberiti, hata harusini, ili mzee asile kinyonge peke yake.

Mwaka wa pili mzee akakinai. Akasukuma sahani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akabaki mifupa. Ndipo dada yake, Namkunda, akaja na firigisi kaificha ndani ya kanga, akamlisha kwa siri. Mzee akala huku analia. Kesho yake akaomba ugali, akarudi kwenye kiberiti chake, akaishi.

Siku ya posa ya binti yake kuku akachinjwa, firigisi ikawekwa mbele yake. Kipimo chake cha siku alikwisha kula. Akasema, "Safari yangu imebaki fupi. Hii nampa aliyeniweka hai, naye ndiye atakayekalia kiti changu."

Nakijwa akasema, "Nilikubali unichukie, mradi uishi."

Mbonea akasema, "Baba, ulichonyimwa wewe, mimi nilijinyima."

Namkunda hakuinua macho. "Kaka, hawa walikuzuia usife. Lakini ulikuwa umekwisha kuchoka kuishi, na hamu ya kuishi nilikurudishia mimi."

Mzee akaishika firigisi mpaka ikapoa. Uchungu ulioje, kuwapenda watatu na kushika kimoja!

Msinitazame mimi. Mimi firigisi sijawahi kupewa. Ninyi mliokula mkashiba, semeni: je, nani aliistahili?